Alama Zilizopanda Bila Mimi

Mpaka leo mtu akisema mbele yangu kwamba mfumo haudanganyi, damu inanichemka. Ni kweli haudanganyi. Chungu nacho hakidanganyi, utapakua kile kile kilichopikwa. Wanaodanganya ni wapishi, na mpishi wa habari hii nilikuwa namwita dada, tena kwa moyo mweupe.

Mie kwetu Tanga. Nilipopangiwa kufundisha Kasulu nilifika na magauni mepesi na kanga zangu, nikidhani Kigoma yote ni ziwa na joto. Kumbe kule milimani asubuhi baridi inatafuna vidole mpaka chaki inadondoka. Aliyenipokea ni mwalimu mwenzangu, Muha wa hapo hapo Kasulu, mkubwa kwangu kwa umri. Alinivua aibu ya kutetemeka mbele ya wanafunzi kwa kunipa sweta lake siku ile ile. Akanifundisha kula ugali wa muhogo bila kuukunjia uso. Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza, mama yangu akiwa mbali, yeye ndiye aliyenichemshia maji na kunikanda. Mwanangu anamwita mama mkubwa. Baadaye akawa mwalimu mkuu wa shule yetu, mie nikabaki na darasa langu la tatu, lakini nyumbani kwake niliendelea kuingia kama kwangu. Nayasema haya ili ijulikane alikuwa nani. Mtu baki hana uwezo wa kukuumiza hivi.

Basi ukaja mradi, na mradi ukaja na mfumo wa kuingiza alama za watoto wa madarasa ya chini kwenye mtandao. Kazi yenyewe si ngumu kuieleza. Mwalimu wa darasa anamwita mtoto mmoja mmoja, anamsomesha hadithi fupi ya Kiswahili, anamwandikisha sentensi, anampa hesabu. Alama anaziingiza kwenye kishikwambi. Mwalimu mkuu anazipitia, na kama kuna mahali kidole kiliteleza anaweza kusahihisha, kisha anaidhinisha. Akishaidhinisha zinafungwa na kwenda juu, na hapo hata ulie machozi ya damu hazirudi. Hilo la mwalimu mkuu kuweza kusahihisha nilikuja kulifundisha kwa mdomo wangu mwenyewe, na nililifundisha kwa mbwembwe.

Walitaka wawezeshaji kutoka miongoni mwa walimu, na dada akanipendekeza. "Huyu ana vidole vyepesi, na mdomo mwepesi zaidi," alimwambia mratibu wa mradi, tukacheka wote watatu. Mratibu alikuwa kijana mpole wa kutoka Arusha, hafungui kifungo cha shati hata jua likichoma. Alituahidi mambo mawili, akatuagiza tukawaahidi na walimu: kwamba alama hizi hazitatumika kumhukumu mwalimu yeyote, na kwamba shule itakayoonekana imeelemewa itapelekewa mwalimu wa kujitolea, analipwa na mradi. Niliamini. Mtu ameahidi mchana kweupe, kwa nini nisiamini?

Nikapelekwa kuwafundisha walimu wa Kibondo. Tulikaa kwenye kituo cha walimu, projekta inamulika ukuta uliopakwa chokaa, umeme unakuja na kuondoka unavyotaka wenyewe. Walimu walinipokea vizuri. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," walisema, na mimi nikasema mgeni mwenyewe nimechoka na barabara, nileteeni kwanza chai. Wengi walikuwa watu wa makamo, wakulima kabla ya kuwa walimu, viganja vyao vimeota sugu za jembe, na kioo cha kishikwambi kilikuwa hakizisikii. Mtu anabonyeza, kioo kimya. Anabonyeza tena kwa nguvu, kinafungua mambo matatu kwa mpigo. Mmoja akasema chombo hiki kinabagua wakulima. Nikawaonyesha watumie ubavu wa kidole, pale pasipo na sugu, na tukasonga mbele kwa vicheko.

Vicheko vilikatika tulipofika kwenye alama zenyewe. Kila mmoja alikuwa amekuja na alama za darasa lake, za kweli, ili azoee kwa kuziingiza. Nikasema haya, anzeni. Hakuna aliyeanza. Vishikwambi vikalala mezani, watu wakaanza kutazama viatu vyao. Nikauliza mna nini nyie, mbona mmegeuka sanamu?

Akasimama mwalimu mmoja wa Mabamba. Mabamba iko mpakani, ukisimama kwenye kiwanja cha shule yao unaona moshi wa majiko ya Burundi. Wazazi wake walivuka kutoka huko wakikimbia vita, yeye akazaliwa huku, na baadaye familia nzima ikapewa uraia. Alikuwa kaimu mwalimu mkuu wa shule ndogo, na kwa sababu ya uhaba alikuwa pia anafundisha darasa la kwanza, la pili na la tatu peke yake, akihama mlango hadi mlango. Mtu wa kusema taratibu, kila neno analipima. Wanafunzi wake nyumbani wanasema Kiha na Kirundi, Kiswahili wanakutana nacho shuleni, na wanakutana nacho kwa mtu mmoja ambaye dakika hiyo hiyo anatakiwa chumba cha pili. Ukiwauliza mmeelewa, wanakujibu "ego", ndiyo, hata kama hawajaelewa chochote.

"Madam," akaniambia, "mimi nikiweka hizi alama zangu ninajivua nguo. Na wenzangu hapa ni hivyo hivyo. Wewe umetuambia hakuna ubaya. Sawa. Lakini kwetu anayeleta pombe huonja kwanza, wageni wamuone anameza, ndipo nao wanywe. Hii pombe umeileta wewe."

Nikasema mwalimu, mie Mwislamu, pombe siijui ladha yake. Wakacheka. Akasema basi onja alama.

Ningeweza kumpiga chenga. Nilikuwa na darasa la mfano kwenye mfumo, lenye watoto wa kubuni wanaofaulu na kufeli kwa mpangilio. Lakini nilimpenda yule mtu papo hapo kwa ujasiri wake, na mie nikishapenda sina breki. Nikafungua darasa langu halisi la Kasulu, ukutani, mbele ya wote. Watoto wangu, wale ninaowajua mpaka vicheko vyao, nikaanza kuwaingiza mmoja mmoja. Huyu hasomi. Huyu anatambua herufi, kuunganisha hajui. Huyu anasoma lakini hajui alichosoma. Zaidi ya nusu ya darasa langu hawakuweza kuimaliza hadithi, na hadithi yenyewe ilihusu kuku. Rangi nyekundu ikateremka ukutani mstari kwa mstari. Moyoni niliona haya, sifichi. Mwalimu wa mjini, mwezeshaji, mwenye mdomo.

"Hata Madam?" akasema mama mmoja nyuma, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetuliwa mzigo.

Hapo wakaanza. Ukumbi mzima ukainamia vishikwambi, watu wanabonyeza kwa ubavu wa kidole, na wekundu ukaenea shule hadi shule. Yule wa Mabamba aliingiza wa mwisho. Alama zake zilikuwa chini kuliko za wote, na aliziingiza bila kupunguza hata moja. Akamgeukia mratibu, aliyekuwa amekaa mlangoni, akamuuliza jambo moja tu: huyo mwalimu wa kujitolea atampata? Mratibu akasema kwa hali hii, mzee, wewe utakuwa wa kwanza. Mwalimu akanigeukia na mimi. Nikamwambia nakuahidi.

Nilirudi Kasulu nimejaa furaha. Nikamkuta dada anakaanga dagaa kwa mawese, nikamsimulia yote, ile ya kuonja, ile ya sugu za jembe, na jinsi darasa letu lilivyokuwa jekundu mbele ya watu. Alicheka mpaka akafuta macho kwa upande wa kitenge. "Kwa hiyo umeshaziingiza?" akauliza. Nikamwambia zote, bado wewe tu kuidhinisha. "Sawa, mdogo wangu, nitaidhinisha," akasema, akanipakulia. Tulikula pamoja, na kwenye uso wake sikuona kitu.

Baada ya wiki kadhaa tuliitwa kwenye kikao cha tathmini, walimu wa Kibondo na wa Kasulu pamoja, ukumbi mkubwa wa hapo Kasulu mjini. Kulikuwa na mgeni rasmi kutoka makao makuu ya mradi, na watu wa kamera. Sikujua kwamba shule zitapangwa. Mratibu alikuwa ameahidi hakuna mwalimu atakayehukumiwa kwa alama hizi. Lakini projekta ikawashwa, na ukutani zikajitokeza shule zote kwa safu, za kijani juu, nyekundu chini, darasa na mwalimu wake.

Darasa la kwanza kabisa lilikuwa langu.

Nilidhani nimesoma vibaya. Nikasoma tena. Darasa la tatu, shule yetu, jina langu, na karibu watoto wote wanasoma kwa ufasaha. Yule asiyetambua herufi anasoma kwa ufasaha. Madarasa mengine ya shule yetu yakafuata nyuma yangu, kijani kitupu. Nikamtazama dada pembeni yangu. Alikuwa anatazama mbele, mkoba umekaa vizuri mapajani.

Chini kabisa ilikuwa Mabamba. Mgeni rasmi akauliza, kwa upole wa watu wakubwa, walimu wa shule hizi za chini wako wapi. Mratibu akababaika, kisha akawaomba wasimame. Wakasimama, watu wazima, wazazi wa watu, wote wale walioniona nikionja. Yule wa Mabamba alisimama wa mwisho, akashika kiti cha mbele yake kwa mikono miwili. Mgeni rasmi akamuuliza anafanya nini darasani siku nzima. Hakumtazama hata mgeni. Alinitazama mimi.

Halafu nikaitwa mbele nitoe siri ya mafanikio, na watu wakaambiwa wanipigie makofi. Miguu ilinipeleka, akili ilibaki kwenye kiti. Nikashika kipaza sauti nikasema, "Hizi si alama zangu." Nilisema hivyo, Mungu shahidi. Mratibu akacheka haraka, akakichukua kipaza sauti mkononi mwangu, akasema mnaona unyenyekevu wa mwalimu huyu, anasema si zake, ni za wanafunzi. Makofi yakaongezeka. Niliporudi kukaa nikataka kusimama tena, dada akanivuta mtandio. "Kaa chini," akaninong'oneza, "usitutie aibu."

Kikao kilipokwisha nilikimbia nje. Yule mwalimu alikuwa ameshaingia kwenye mchomoko, gari dogo la abiria la kwenda Kibondo, amebanwa dirishani na wenzake. Nikashika mlango nikamwambia mwalimu, nisikilize, mie sikufanya hivi. Wenzake wakageuza nyuso. Yeye akaniambia, taratibu kama kawaida yake, "Madam, ulionja, tulipoinama kunywa ukatema." Gari likaondoka. Nilibaki pale na vumbi langu, ninalia mbele ya waendesha bodaboda.

Sikwenda nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja kwa dada. Nilimkuta ameshabadilisha nguo, amekaa ukumbini anachambua maharage kwenye ungo.

"Ulibadilisha alama zangu," nikamwambia.

"Kaa kwanza."

"Sikai."

Akaendelea kuchambua. "Nilisahihisha. Si unawafundisha watu mwenyewe kwamba mkuu anaweza kusahihisha?"

Nikamwambia kusahihisha ni kidole kikiteleza, si kuwafanya watoto wasome wakati hawasomi. Akanyanyua uso. Akanieleza bila kuficha, kwa sauti ile ile anayonielezea bei za sokoni. Mratibu alikuwa ameshawadokeza baadhi ya wakuu wa shule za mjini kwamba makao makuu wanataka kuona shule zikipangwa, na kwamba mgeni atakuja. Alijua kabla sijakwenda Kibondo. Nilipopanda gari asubuhi ile, akanifungia vitumbua vya njiani, alikuwa anajua.

"Ukaninyamazia?"

"Ningekwambia ungewaambia. Nakujua. Na wao wangeweka alama za juu, basi sisi tungekuwa wapi?"

Hapo nilikaa. Kumbe wekundu wa wale watu ndio uliotupandisha sisi. Alihitaji mie niende nikawashawishi waseme ukweli, na alijua nitafaulu, kwa sababu mie mwenyewe nilikuwa nauamini. Nikamuuliza, na yule wa Mabamba? Anafundisha madarasa matatu peke yake, ataondolewa ukaimu bure. Akasema, "Wale wa mpakani nani anategemea wasome? Wamezoea. Wewe ungesimamishwa pale mbele ya kamera ungezoea? Nimekufichia aibu, mdogo wangu."

Nikamwambia umenivisha aibu mpya, tena kubwa kuliko mwili wangu. Akatua ungo. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, na hilo ndilo lililoniuma zaidi, kwamba alikuwa anaumia kweli. "Ama kweli fadhila za punda ni mateke," akasema. "Nimekulea hapa kama tumbo moja."

Na kweli alinilea. Ndiyo maana nilishindwa hata kumtukana. Nilitoka, na tangu siku ile sijaingia tena mle ndani. Mwanangu anaendelea kwenda, namwacha, mie nabaki barabarani.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda ofisini kwa mratibu nikamweleza kila kitu, nikamwambia hata jina la aliyebadilisha. Alifunga mlango. Nilitegemea akatae, au anifukuze. Akashika kichwa. Akasema Madam, mgeni ameshaondoka na picha zake, siwezi kurudisha nyuma. Lakini akaniambia na jambo jingine. Fedha za walimu wa kujitolea zimepunguzwa, amebakiwa na mmoja tu, binti amemaliza chuo, na makao makuu wamemwagiza ampeleke shule itakayokuwa ya chini kabisa kwenye awamu ya pili ya alama, ambayo ilikuwa inakaribia kufungwa. "Yule mzee akiweka hali halisi kama alivyoweka mwanzo, mwalimu ni wake. Mwambie asiogope."

Nilimpigia simu yule mwalimu, hakupokea. Nikapiga tena na tena, nikatuma ujumbe, kimya. Nikampigia yule mama wa "Hata Madam?", akanisikiliza, akaniambia kwa adabu, "Nenda mwenyewe ukamwambie. Sisi ukitusemea tena hatutakuelewa." Nilistahili kusikia hivyo kutoka kwake? Sikustahili. Lakini ningekuwa yeye ningesema yale yale, tena kwa sauti kubwa zaidi.

Kabla ya safari nilimaliza jambo langu la shuleni. Niliwapima watoto wangu upya, nikaingiza alama zao za kweli za awamu ya pili, nikaingia ofisini kwa mwalimu mkuu, nikamwita mwalimu mkuu, si dada, nikasimama mbele ya meza yake mpaka akaidhinisha huku naona. Alibonyeza bila kuninyanyulia macho. Nikajihisi nimesafika. Nilipanda mchomoko mpaka Kibondo, na kutoka Kibondo nikachukua bodaboda, matope ya njiani yakanipaka mpaka kwenye mtandio, na moyoni nilikuwa na furaha ya mtu anayepeleka dawa kwa mgonjwa aliyemsingizia wizi.

Shule ya Mabamba ni vyumba vichache juu ya kilima, kiwanja chake kimeinama upande wa bonde. Nilimkuta anatoka chumba kimoja anaingia kingine. Aliponiona hakununa. Alinitolea kiti nje, akaniletea ndizi mbivu kwenye sahani, akasema karibu Madam, pole na matope. Nikamwambia sitakula kabla sijasema. Nikamweleza yote. Nikamweleza habari ya dada, jambo ambalo hata mume wangu sikuwa nimemweleza vizuri. Nikamweleza kwamba mwalimu yupo, binti, tayari, wake yeye, aingize tu ukweli kama alivyofanya Kibondo.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akaingia ofisini, akarudi na kishikwambi, akakipangusa kwenye mkono wa koti, akanipa.

Kilikuwa kijani. Darasa la kwanza, la pili, la tatu, kijani juu mpaka chini. Aliziingiza jana yake, na kwa kuwa yeye ndiye mwalimu wa darasa na yeye ndiye kaimu mkuu, aliziidhinisha mwenyewe. Zilikuwa zimefungwa.

"Nilitumia ubavu wa kidole," akasema. "Haukunisumbua hata mara moja. Ulitufundisha vizuri."

Hakuwa ananikejeli. Ningefurahi kama angekuwa ananikejeli. Nikamwambia tumpigie mratibu azifungue, anajua ukweli, nimemweleza mwenyewe. Tukashuka mpaka pale kwenye mti wa mtandao, kama wanavyouita, ambapo simu inashika. Nikapiga, nikaweka sauti kubwa ili naye asikie kwa masikio yake, asije akasema nimemtafsiria.

Mratibu alipokea anacheka. Akasema Mabamba imepanda kuliko shule zote za wilaya mbili, makao makuu wamefurahi mno, wanataka kuja kujifunza kwa yule mzee. Nikamwambia alama zile si za kweli, mwenyewe yuko hapa anakusikia, zifungue. Akasema hawezi, zimeshafika juu na pongezi zimeshaandikwa. Na kwanza awamu hii watu wote wa Kibondo wameweka kijani, akianza kufungua shule moja atafungua zote.

"Basi mpeleke mwalimu Mabamba hivyo hivyo," nikasema. "Unajua anamhitaji."

"Madam, nitawaeleza nini wakubwa? Kwamba nampeleka mwalimu wa nyongeza kwenye shule iliyoongoza?" Kisha sauti yake ikachangamka, kama mtu aliyekumbuka zawadi mfukoni. "Ila kwako nina habari njema. Shule iliyo chini kabisa sasa ni yenu. Darasa lako ndilo jekundu peke yake. Huyo binti nakuletea wewe, wiki ijayo."

Nilikata simu, lakini mwalimu alishasikia. Nilimtazama nikataka kusema sikujua, nikaacha, maana nilishamwambia sikujua mara moja kabla ya hapo, na lilikuwa la kweli, na halikumsaidia kitu. Nilijisikia mtupu. Nimefanya haki shuleni kwangu, na haki yenyewe imechukua mwalimu wake ikanipa mimi.

Aliniambia, "Hongera, Madam," akanipa mkono, mkono mkavu wenye sugu. Halafu akapanda kilima taratibu, akaingia chumba cha kwanza, na nikiwa bado nimesimama pale chini nikawasikia watoto wanasimama wote kwa pamoja kumwamkia, na chumba cha pili wanaimba wakimsubiri, na cha tatu wanapiga kelele tu.